Pipa la Mgonjwa

Jumatatu, 9 Septemba
Mke wangu Paskazia kapiga simu. Anatoka Kasulu, atashuka Isaka Jumamosi. Mwaka mzima nimemwambia nina maji mlangoni. Mlangoni nina pipa. Tupu! Foleni ya pampu hapa Nyahanga ni nusu siku, nami natoka kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, nimechoka. Jirani yangu Davis kapita na madumu manne, kaniuliza kama pipa hilo nalitunza nije kuzikwa nalo. Mshenzi.

Jumanne, 10 Septemba
Nimepata! Uani kwetu mgonjwa hapangi foleni. Kila chumba kinammiminia ndoo moja. Ni sheria ya Mama Limi wa chumba cha kwanza, na hakuna anayebishana naye. Sikwenda kazini. Nikashika tumbo, nikakimbilia chooni mara nne, kila mara mbele ya watu. Kisha nikabeba ndoo kwa kujikongoja. Mama Limi akaninyang'anya. Yaya, yaya! Kwa Kisukuma, hapana. Baba Eliya, rudi ndani, unataka kutufia? Hadi jioni, ndoo sita. Moja ya Davis! Aliimimina amenuna. Nimelala kama chifu.

Jumatano, 11 Septemba
Kaja Donatus, mhudumu wa afya wa mtaa, na daftari lake. Naharisha mara ngapi? Davis alikuwa mlangoni anasikiliza. Nne nikaona chache. Nikasema kumi na nne. Choo kinafananaje? Kama maji ya mchele, nikasema. Niliwahi kuyasikia redioni, kwenye tangazo la kipindupindu. Donatus akaacha kuandika. Kaniachia vidonge vya kusafisha maji, nivitie kwenye pipa. Vinanuka dawa ya kufulia. Nimeviweka juu ya fremu ya mlango.

Alhamisi, 12 Septemba
Donatus kapeleka taarifa, pampu imefungwa kwa mnyororo! Haifunguliwi mpaka maji yapimwe. Mtaa mzima unalaani ugonjwa huu. Nimelaani nao, kwa sauti ya kigonjwa. Wanawake sasa wanateka lamboni, ng'ombe wakinywa upande wa pili. Hata hivyo Mama Limi hakunisahau. Kaleta ndoo mbili za lambo, kazimimina juu ya maji yangu mazuri! Nilitaka kupiga kelele. Lakini mgonjwa gani ana nguvu hizo? Nikasema asante. Pipa limejaa pomoni. Joto kali. Nimekunywa vikombe vitatu.

Ijumaa, 13 Septemba
Naharisha. Nikapaza sauti kutoka chooni kwamba leo ni kweli. Davis akauliza, na jana ilikuwa nini? 
Kuna baya zaidi. Limi, mtoto wa Mama Limi, ana miaka mitatu, naye anaharisha. Maji ya lambo hayohayo. Mama yake kambeba mgongoni kumpeleka zahanati, macho ya mtoto yamedidimia. Leo siandiki zaidi.

Jumamosi, 14 Septemba
Sikufika Isaka kumpokea. Paskazia kaja mwenyewe kwa kuulizauliza, mzigo kichwani, kanikuta natoka chooni na kopo. Kafunua pipa. Viluwiluwi! Kauliza, haya ndiyo maji ya mlangoni? Kalipindua lote uani. Ndoo nane! Nimelia. Davis, huyohuyo, kampa dumu alilojaza kabla ya mnyororo. Paskazia kayachemsha, nusu kampelekea Limi.
Limi amerudi toka zahanati leo asubuhi. Anakunywa dawa kwa kijiko, kaomba uji. Nimemshukuru Mungu mara mbili. Mama Limi alipokuja kunipa pole nikafungua mdomo nimweleze yote. Akasema bora nimeugua mimi kwanza, la sivyo wangejuaje kuwa maji ya pampu ni machafu? Nikaipokea pole.

Jumapili, 15 Septemba
Majibu yametoka. Maji ya pampu ni safi, hayajawahi kuwa na tatizo. Mnyororo umetolewa. Davis ananitazama sana. Uani wamekaa kikao, sheria mpya: mwenye tumbo aende kwanza zahanati, arudi na cheti, ndipo amiminiwe. Paskazia aliunga mkono kuliko wote. Vidonge kaviona juu ya mlango. Kanikabidhi ndoo mbili, kesho alfajiri niwe kwenye foleni, kisha karasha.
Nimeisikiliza vizuri sheria hiyo. Inataja tumbo tu. Mguu haijautaja. Na mguu hauambukizi mtu, haufungi pampu.
Bendeji ninayo.