Jinsi Bi Suad Alivyoupaka Chokaa Mtufaha wa Kenton, na Jinsi Alivyoipangusa

Jongeeni, enyi akina mama wa ghorofa za juu na za chini, zimeni jiko kwanza msije mkaunguza kitu kwa ajili yangu, mkae mnisikilize. Kwani nawasimulieni vita vya Bi Suad binti Nasoro, Mlinzi wa Gome, Mwenye Ndoo ya Buluu, aliyepigana nyuma ya fleti za Kenton akashinda, ingawa nusura ashindwe kwa mkono wake mwenyewe. Namtaja Mola kwanza, kisha naitaja chokaa. Wala sisimulii mcheke tu. Chukueni tahadhari, maana na nyinyi mna watoto.

Yalikuwa majira ya baridi yaliyofuata ile dhoruba kubwa ya Oktoba, iliyoilaza miti ya London kama mikeka. Katika ua wa nyuma ilisalia miti miwili. Mmoja mkongwe, mnene, umeyaegemea mabanda ya magari kama mlevi anayesubiri kupelekwa kwao. Wa pili ni mtufaha mwembamba, ambao Bi Suad aliupanda miaka saba nyuma juu ya kitovu cha bintiye Muzne, kama walivyofanya wakubwa zake Unguja, ili mtoto awe na mahali pa kusema hapa ndipo kwetu. Watu wengine wakitazama dirishani waliona mti. Bi Suad alimwona mtoto amesimama nje bila koti.

Basi likaja jeshi la kindi, wenye mikia ya fahari na meno yasiyo na haya, wakaanza kulitafuna gome la mtufaha, wakilizunguka kama watu wanaomenya chungwa. Na wiki hiyohiyo Muzne akaanza kukohoa. Daktari alisema ni mafua. Bi Suad hakumwamini, kwa sababu daktari hakuuona mti.

Siku ya Jumatatu akajifunga mtandio kichwani, akashuka mpaka duka la vifaa vya ujenzi la Bwana Vinod, mzaliwa wa Kisumu, Mtunza Misumari, akasimama mbele ya kaunta kama amiri mbele ya ghala la silaha.

"Vinod bhai," alisema, "nipe chokaa, na brashi pana, na usiniulize mengi, kwani adui amekwisha kuingia mjini na gome linaliwa mchana kweupe."

"Adui gani, mama Muzne?"

"Kindi."

Vinod akavua miwani. "Sisi kule Kisumu tulipaka miti sababu ya mchwa. Hapa mchwa wako wapi? Na kaunsili, hao wenye majengo, umewauliza? Hawa watu, hata ukitaka kupiga chafya uani wanataka barua."

"Kaunsili ndio waliomzaa mwanangu?"

Vinod akashusha mfuko.

Bi Suad akaikoroga chokaa kwa maji na chumvi mpaka ikawa nzito kama uji wa mgonjwa. Asije akachafua ukumbi wa jengo, akatandika karatasi chini ya ndoo: barua iliyokuwa imeangukia mlangoni asubuhi ile, karatasi nene, nzuri, yenye nembo. Barua zote nyumbani mle husomwa na Muzne, kwani Kiingereza cha serikali kilimshinda mama. Na Muzne alikuwa amelala. Ikumbukeni barua hiyo, mama zangu.

Akaupaka mti kuanzia mizizi hadi kiunoni, vidole vimekufa ganzi, upepo unamchapa, kindi wamejipanga ukutani kama wazee wa baraza. Alipomaliza, mtufaha uling'aa kama askari aliyevalishwa kanzu mpya. Usiku ule Muzne alikohoa mara mbili tu. Mama alihesabu.

Ikafika Alhamisi. Bi Suad yuko jikoni anachemsha tangawizi, mara anawaona watu wawili wameingia uani na msumeno wa injini. Wakaupita ule mti mlevi bila hata kuutazama, wakaenda moja kwa moja kwenye mtufaha.

Hakumbuki ngazi alizishukaje. Muzne alimfuata nyuma na koti juu ya nguo za kulalia. Bi Suad akauegemeza mgongo mtini, mikono ameitandaza, akasema:

"Enyi wenye msumeno, simameni mlipo. Huu si mti wa njiani, una mwenyewe, na mwenyewe ndiye huyu anayekohoa mbele yenu. Nimeumwagilia miaka saba, nimeupigania kwa kindi na kwa baridi, na msumeno huo ukitaka kupita, basi mimi ndiye gome lake la kwanza."

Muzne akamgeukia msimamizi, mtu mzee mwenye kofia ya rangi ya chungwa, akafasiri kwa Kiingereza: "Anasema siyo huu."

"Ndiyo hayo tu niliyosema?"

"Mengine ni hayohayo, Mama."

Msimamizi akaitoa karatasi yake. Muzne akasoma, na sauti ikampungua: utakatwa mti mmoja, uliotiwa alama ya rangi nyeupe, wapangaji wamekwisha kuarifiwa kwa barua.

Hapo Bi Suad akaitazama kanzu ya chokaa aliyoivisha mwenyewe, akajua ni yeye aliyeutia mti alama. Akauzunguka mti mlevi, na upande wa mabanda, mahali asipopita mtu, akakuta doa jeupe dogo kama kisahani cha chai. Akawaita, akawaonyesha.

Msimamizi akajikuna shingo. "Sasa alama ziko mbili, na mimi nimeambiwa moja," alisema, na Muzne akafasiri. "Tunakwenda kunywa chai. Tukirudi nitakata wenye alama."

Enyi mlionisikiliza, robo saa hiyo haina mfano. Bi Suad alipanda na kushuka, akaja na birika la maji moto na chupa nzima ya siki ya achari, akamwaga, chokaa ikachemka na kulia, akaisugua kwa brashi ya kufulia, akirudi palepale alipopaka kwa fahari siku tatu nyuma. Muzne alishika birika akiimba mashairi ya shule. Kindi, kwa harufu ile, waliondoka ukutani mmoja mmoja.

Watu wa msumeno waliporudi walikuta mti mmoja wa kahawia, umelowa, unanuka achari, na mama amekaa chini yake bila pumzi. Msimamizi akauzunguka mara moja, akagusa kofia yake, akaenda kuukata mlevi.

Basi na ijulikane Kenton yote, na Neasden, mpaka Edgware Road, kwamba Alhamisi ile mti mmoja haukukatwa. Na tangu siku hiyo hakuna karatasi inayowekwa chini ya kitu chochote nyumbani kwa Bi Suad, hata tangazo la mazulia, mpaka Muzne aisome kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, na mama yake amesimama.