Umeme wa Fundi Makochi

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza kutiwa umeme kichwani. Kwa hiari yangu, na nikiwa na akili timamu. Mke wangu anakubali hilo la kwanza tu.

Sababu iandikwe. Mwezi uliopita, kwenye mkutano wa mtaa, shemeji yangu Redio, ambaye ndiye mwenyekiti, alipendekeza chumba cha kusomea kigeuzwe ghala la viti vyake vya kukodisha. Nikasimama kupinga. Nina kigugumizi tangu nilipojua kusema. Neno la kwanza likakwama, nikabaki nimetumbua macho. Redio akanihurumia, akanimalizia: shemeji anaunga mkono. Makofi! Na kumbukumbu za mkutano zinasema hivyohivyo. Mimi, msahihishaji wa kiwanda cha uchapaji, niliyesoma kila kitabu kilichomo chumbani humo, nimetiwa mdomoni sentensi ya mtu mwingine, tena mbovu. Kura ni Jumamosi.

Hospitalini wanafanya utafiti wa kigugumizi. Sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi, mkanda wa mpira, kijimashine kinachoingia mfukoni. Hakuna kisu wala sindano. Umeme hafifu unapenya ngozi na fuvu hadi kwenye ubongo, sehemu inayopanga maneno, huku unasoma kwa sauti. Nilimwandikia daktari maswali kumi na saba. Alijibu kumi na moja. Sita akasema ndiyo hayo wanayoyachunguza. Mkweli. Dosari yake moja: ameniita mzee. Nina miaka arobaini na tisa!

Jumanne, 4 Machi

Hila imegundulika. Nusu yetu tunapata umeme kweli. Nusu wanawashiwa sekunde thelathini, kisha unazimwa kimyakimya, ili ijulikane kinachosaidia ni umeme au ni matumaini. Hata daktari hajui nani ni nani. Kila mmoja ana kadi, na mashine inafuata namba yake tu. Jambo zuri sana. Ningelitetea popote, kama lisingenihusu.

Mimi ni kadi namba tisa. Kichwa kiliwasha kidogo, kikatulia. Mwenzangu wa chumba, fundi makochi, kadi namba nne, anajikuna tangu anaingia hadi anatoka. Hitimisho liko wazi.

Fundi naye ana kigugumizi. Wateja wakipiga simu bintiye ndiye anayepokea, na binti anakwenda chuoni mwezi ujao. Tunasomeshwa pamoja, ukurasa mmoja, sauti mbili. Ajabu: tukisoma hivyo hatukwami hata mmoja! Kwa nini? Daktari anasema jambo lenyewe linajulikana tangu zamani, sababu yake ndiyo inayobishaniwa. Nimeliwaza kazini mchana kutwa, nikapitisha kalenda yenye Juni ya siku thelathini na moja.

Jumatano, 5 Machi

Nimebadilisha kadi yangu na ya fundi. Zilikuwa mezani, daktari kageuka kulowesha sponji. Wizi? Hapana. Mistari miwili ikipishana kiwandani, msahihishaji huirudisha mahali pake, na hakuna anayemwita mwizi. Chumba cha kusomea ni cha mtaa mzima. Simu ya fundi ni ya fundi.

Nimeiandika hoja hiyo mara tatu kwenye karatasi. Mara zote inasomeka vizuri. Kwa nini basi nimeiandika mara tatu?

Alhamisi, 6 Machi

Kichwa kiliwasha kidogo, kikatulia. Bila shaka umeme wa kweli hausikiki.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepitia karakana ya fundi, eti naulizia kiti. Kumbe! Makochi ya zamani anayafumua kwa mikono yake, na nyuzi za makumbi zimemjaa nywele zote. Karakana nzima inajikuna: fundi, bintiye, hata paka. Nikajikuna na mimi.

Simu ikaita. Binti alikuwa nje. Fundi akaipokea mwenyewe. Akakwama, akasubiri, akaendelea, akaitaja bei mpaka mwisho. Akanitazama kama mtu aliyevuka mto kwa miguu. Nikamwachia nakala ya hotuba yangu ya kesho. Sikuwa na zawadi nyingine.

Jumamosi, 8 Machi

Nilisimama. Nikafungua mdomo. Neno la kwanza likakwama palepale pa mwezi uliopita. Redio akainuka, mkono kifuani, uso umejaa huruma. "Shemeji anachotaka kusema ni kwamba..."

"M-m-mwache aseme."

Fundi, nyuma kabisa, nakala mkononi. Akanitazama, akainua kidole kama tufanyavyo hospitalini: moja, mbili. Tukaanza. Ukurasa mzima, sauti mbili, pamoja na kejeli za aya ya tatu, ambazo ziliniumiza kichwa wiki nzima. Redio akaketi kabla hatujamaliza.

Kura ishirini na sita kwa ishirini na nne. Chumba kimebaki!

Jumatatu, 10 Machi

Fundi alijua tangu Jumatano. Kadi yake ina doa la gundi. Leo amemweleza daktari mbele yangu, kwa upole, hakuruka hata neno. Tumeondolewa kwenye utafiti sote wawili, na kwa kuwa majibu yetu hayafai tena, daktari akafungua bahasha yenye siri ya namba. Kadi tisa: umeme. Kadi nne: hakuna kitu. Mtungi wangu ulikuwa umejaa, nikaenda kuubadilisha na mtupu wa jirani!

Nikasema basi umeme huo ndio uliopokea simu. Daktari akasema huenda, huenda sivyo. Siku tatu, mtu mmoja, kadi zimevurugwa, haitajulikana kamwe, na aliyefanya isijulikane ni mimi. Safari hii hakuniita mzee. Afadhali angeniita.

Nimewaomba radhi wote wawili. Fundi akasema niende karakana kila Jumatano tukasome pamoja, ila nije na kofia. Nitakwenda. Nimejifunza: kadi za watu si za kuchezea.

Lakini swali la kisayansi linabaki. Ikiwa umeme unaweza kuulegeza ulimi, waya zikigeuzwa je? Nimeuliza kwa ajili ya elimu tu. Daktari akanifungulia mlango.

Wakati wa kurudi nimempitia Redio. Nimemwambia hospitalini wanatafuta wasemaji mashuhuri wa kuwachunguza, na nafasi imebaki moja. Amesema kesho saa mbili atakuwa mlangoni. Nimemwahidi nitamsindikiza, nimshikie kadi.