Digrii Mbili kwa Miaka Sita

Asubuhi ile Breki aliingia kwa Dolores, mgahawa wetu wa donati hapa mjini Scranton, akilipunga gazeti kama kashinda bahati nasibu. Breki ni fundi mstaafu wa mabasi. Breki za magari alizimudu, za mdomo hana.

"Someni hapo! Chuo cha mjini kimeleta mpango mpya. Miaka mitatu ya digrii ya kwanza, mitatu ya sheria, mtu katoka wakili. Miaka sita badala ya saba! Mjukuu wangu Marisa lazima aingie."

"Sheria ya kupasha moto hiyo," akadakia Shemasi, ambaye kanisani ni mpole na hapa ni nyoka. "Unaitia kwenye maikrowevu, inalia ting, unatoa wakili. Nje anafuka moshi, ndani barafu tupu!"

Nilicheka hadi nikapaliwa na kahawa.

"Kinachokatwa ni mwaka wa nne wa chuo tu," Breki akajitetea.

"Wa nne?" nikasema. "Mimi huo niliusoma mara mbili, na sikumbuki kitu zaidi ya bia."

"Ndiyo maana uliishia kuuza magodoro," Shemasi akanigeukia. "Haya Breki, mwenyewe Marisa anasemaje?"

Breki akashusha sauti. "Hataki. Anataka miaka minne yote ya chuo, mmoja akapulize klarineti Italia. Nikamwambia huo upuuzi. Tangu juzi hapokei simu yangu."

"Safi sana!" Shemasi akasema. "Binti wa miaka kumi na saba anamzidi akili mzee wa themanini na moja. Unamkimbiza wapi? Mahakama zinahama?"

"Zipo," Breki akasema, kaikodolea macho donati yake ya pili ya krimu. "Anayehama ni mimi. Daktari wa moyo kasema sita huenda nikafika, saba tusidanganyane. Nataka nimwone anaapishwa, basi."

Dolores mwenyewe akasimama pale na birika lake la kahawa mkononi. Roho iliniuma, nikajuta kucheka.

Shemasi hakujuta. Akaivuta sahani ya Breki taratibu hadi upande wake.

"Mpigie mtoto. Mwambie asome yote saba."

"Na mimi je?"

"Wewe mwaka wako wa saba ndio huu hapa," Shemasi akasema, akaing'ata ile donati nusu nzima. "Na kuanzia kesho nitakulia donati zako kila asubuhi. Acha kununa, mzee. Agiza chai kavu."