Vita vya Kinukandimu cha Mferejini

Ngo! Ngo! Ngo! Tegeni masikio, enyi wenye kiu na enyi wenye subira, kwani huo ni mfuniko wa mtungi wa shaba, nao wagonga kama ngoma ya vita! Katika chumba cha uani Shangazi alikuwa akikeneka jin, pombe kali ya mvuke, mbegu za mreteni zikitokota, na kikapu cha kinukandimu, mmea wa majani yanukayo ndimu, kilikuwa kitupu juu ya mvuke.

"Pua, kinukandimu kiko wapi?" alimuuliza Pua Kali, mwana wa kaka yake. "Mvuke haungoji mtu. Nisipokiona, namimina hii." Akainua kichupa cha arki ya limau ya dukani.

Ya dukani! Pua Kali, simba wa vichaka, mjukuu wa bibi aliyeparamia majabali akisaka mimea isiyo na jina na kuishusha katika pindo la nguo, alihisi mkuki moyoni. Kiangazi kilikuwa kimeukausha mche wa mwisho wa bibi. Lakini jana, baada ya mvua, akipita kwa kinyozi, alinasa harufu ile ile ikishuka kutoka mfereji wa paa. Ndege, wakulima wasio na jembe, walikuwa wameiangusha mbegu yake huko.

Akatoka mbio, malapa yakinguruma. Akamkuta kinyozi juu ya kiti, mpini wa fagio mkononi, tayari kuuzibua mfereji.

"Weka chini silaha, ewe malkia wa mikasi! Hayo si magugu, ni urithi!"

"Urithi wako unawavujia wateja wangu shingoni, baba. Jana mmoja kakimbia na nusu kichwa."

"Nipishe. Nitazibua mwenyewe."

"Haya panda, shujaa. Ukipasuka kichwa, kunyoa bure."

Akapanda. Kiti kikayumba kama farasi mkaidi. Akazamisha mkono hadi kiwiko katika tope la majani ya kale, akavuta, na mfereji ukamtapikia utosini hasira zake zote. Hakurudi nyuma! Mche ukatoka, mizizi mizima. Kinyozi alicheka mpaka akashika ukuta.

Alipoingia uani akinuka kinamasi na ndimu, Shangazi alikuwa keshafungua kichupa. Akaunusa mche. Akarudisha kizibo, akachuma vishungi vya juu, akavitupa kikapuni.

"Ndiyo harufu ya mama," alisema, machozi yakimlengalenga. "Sasa kaoge."

Hivyo ndivyo nyumba ile ilivyookoka, na vizazi na visimulie!

"Shangazi," alitangaza Pua Kali, mche kifuani, tope likimchuruzika sikioni, "mizizi hii naipanda leo, na nitaimwagilia kwa mkono wangu, mvua ije isije. Kichupa kile hutakishika tena."