Kitabu Chekundu na Bhajia za Bi Mwanarehema

Jumatano, 20 Aprili 1988
Leo nimeng'ara! Barazani baada ya alasiri, watu wakisubiri magharibi kwa midomo mikavu, Mzee Abdillahi akasema tena kuwa bintiye Johari hamwozi mtu asiyesoma. Mwalimu mstaafu huyu, hata vitabu vilivyopigwa chapa huvisahihisha kwa kalamu nyekundu. Nikasimama. Nikatangaza kuwa kile kitabu chake kinene cha jalada jekundu, nilichokiazima mwezi wa Shaabani, ndicho ambacho kila mtu hapa Mishomoroni lazima akisome. Atakayekufa hajakisoma kafa bure. Nikaeleza kisa: mjane kaibiwa punda, mji mzima wamsaka mwizi. Sauti ikanitetemeka. Stambuli karani, mwenye miwani ya kuringia, akauliza mwizi ni nani. Nikamjibu kuwa msomaji muungwana hafichui mwisho.
Nimesoma ukurasa wa kwanza. Maandishi yenyewe madogo.

Ijumaa, 22 Aprili
Nahitaji kanzu mpya. Kupeleka posa kwa Mzee na kanzu yenye kiraka ni aibu. Nikawaza: kitabu nimeshakipendekeza, kazi yake imekwisha. Nimempelekea Bi Mwanarehema, muuza bhajia wa Ziwa la Ng'ombe, ambaye hununua karatasi za kufungia. Alikipima mkononi, akakisifu kuwa karatasi zake laini, zanyonya mafuta vizuri. Hata yeye kakipenda!
Kwa pesa zake nimenunua kanzu, na imenikaa.

Jumapili, 24 Aprili
Balaa! Nimependekeza kupita kiasi. Watu wanataka kukisoma kweli. Tangu lini? Stambuli kakiomba kwa Mzee, Mzee kakidai kwangu. Na dadangu Tima, shoga yake Johari, anasema Johari alikuwa katikati ya kitabu nilipokiazima, na mpaka leo hana raha mpaka amjue mwizi wa punda. Roho imeniuma. Nampenda yule msichana, wallahi.
Nikamwambia Mzee kitabu kimeibwa. Akaniuliza kimeibwa na nani. Swali likanitisha, nikajitolea kuongoza msako. Tumepita nyumba kwa nyumba, mimi mbele. Kwa Stambuli nilichungulia hadi uvunguni.

Jumatatu, 25 Aprili
Akili imenijia! Nitakirudisha ukurasa kwa ukurasa. Nimemkuta Bi Mwanarehema na kurasa za mwisho tu, zimebaki kiasi. Karatasi tupu hauzi. Akaniuliza, akiniuzia, watu wa futari awafungie kwa karatasi gani? Anauza bhajia. Basi nikanunua bhajia, fungu juu ya fungu, mpaka waliopanga foleni nyuma yangu wakaanza kuniapiza. Nimefunga, na harufu ile mikononi!
Nyumbani nikafungua mafungu yote, nikaanika kurasa kwenye kamba. Bhajia zikajaa sinia. Tuko wawili tu, mimi na Tima, nani azimalize? Akili ikanijia mara ya pili: futari kwa kina Johari! Mkwe mkarimu! Nikamtuma Tima, nikajilaza kidogo na kanzu yangu.

Jumanne, 26 Aprili
Tima hakupeleka sinia. Asema sahani zetu mbili zilizokwenda kule hazijarudi, kwa kuwa mama yake Johari harudishi sahani tupu na bado hajapika cha kutia. Hakutaka kupoteza na sinia. Akachukua karatasi zilizokauka kambani, akafungia bhajia upya, akazipeleka hivyo.
Mzee kafuturu kwa tende, kafungua bhajia, kakutana na kalamu yake nyekundu.
Leo barazani hakugomba. Heri angegomba. Alisema polepole, watu wote wakisikia:
"Sheikhan mwanangu, ulisema kila mtu lazima akisome. Kina Ruwa wamepata ukurasa, kina Wafula wamepata ukurasa, hata imamu kapata wake. Hukusema uongo."
Baraza zima likaangua kicheko. Kisha Mzee akasema posa ya Stambuli ameipokea. Nimelia. Nimelia ndani ya kanzu mpya.
Johari naye kamtuma Tima na maneno haya: "Mwambie kaka yako ukurasa wa mwisho umenifikia. Mwizi wa punda ni yule yule aliyekuwa akiongoza msako."

Alhamisi, 28 Aprili
Nimeufikiria sana ujumbe wa Johari. Kwa nini anihadithie mimi, si Stambuli? Lazima bado ananipenda kidogo. Maskini, amechelewa.
Faida ni kwamba sasa mwisho wa kitabu naujua, na naweza kukipendekeza kwa kujiamini. Kesho nakwenda Mikindani. Huko kuna Mzee Masha, mwenye binti mmoja na makabati mawili ya vitabu. Tima ananiuliza kama sijafunzika. Nimefunzika sana! Kosa langu nimeliona: niliuza karibu na nyumbani. Vya Mzee Masha nitavivusha feri mpaka Likoni. Bhajia za Likoni hazifiki Mikindani.