Bi Mdogo wa Magurudumu Manne

Jumatatu, 3 Juni

Nimenunua gari. Mimi! Fundi mapazia! Nilikwenda kupima madirisha ya nyumba ya marehemu tajiri wa mashamba, nikarudi bila oda ya hata pazia moja, ila nina gari. Mpaka sasa nashangaa jinsi mkono wangu ulivyotia sahihi bila kuniuliza.

Lilikuwa bandani, nyuma ya magunia, limefunikwa shuka na mavi ya popo. Nikavuta shuka. Lo! Taa mbili za mviringo zikanikodolea macho kama ng'ombe aliyesahauliwa mnadani. Rangi ya maziwa juu, kijani chini, na nyuma vibawa viwili, kana kwamba aliyelibuni alitaka liruke akaghairi. Mtoto wa marehemu alisema yalitengenezwa machache sana, kisha kiwanda kikafa. Mji mzima hakuna jingine. Nikauliza kama linawaka. Akajibu kwamba hilo ni swali jingine.

Nimetumia akiba ya bati jipya la jikoni, ambako paa lina tundu. Mke wangu hajui. Ni mwalimu wa hesabu, habari za namna hii zinataka maandalizi. Nitamwambia siku Chama cha Magari ya Kale kitakaponipokea, watu wakinipigia makofi, aone aibu kunigombeza hadharani.

Mwenyekiti wa chama ni jirani yangu, daktari wa meno. Kila Jumapili huosha gari lake jekundu la enzi hizo mbele ya geti langu, ingawa geti lake lipo. Mwaka jana nilimwomba kujiunga. Akaniuliza nina gari gani. Nikasema sina, napenda tu. Alicheka kwa meno yote, na meno anayo.

Tutaonana, daktari.

Jumatano, 5 Juni

Gari limefika gereji juu ya lori la matofali. Fundi wangu huitwa Fundi Kesho. Nilidhani ni jina la utani. Kumbe ni ratiba.

Amefungua boneti, akaguna, akafunga. Akafungua tena, labda kuhakikisha hakuota. Ndani ya kichujio cha hewa tumekuta panya, mama na wanawe, wote wana afya kuliko injini. Breki hakuna. Viti vimebaki springi na matumaini. Fundi akaniuliza kwa upole kwa nini nisinunue gari la kawaida kama watu wenye akili. Nikamwambia nitamjibu kesho.

Hata hivyo, ujanja wangu haujalala. Mke wangu ana masikio marefu, basi tumekubaliana na Fundi kwamba kwenye simu gari tusilitaje. Tutasema "Bi Mdogo". Hata shetani hatatushtukia.

Ijumaa, 7 Juni

Habari kutoka kwa mke wa daktari, aliyekuja kushonesha mapazia ya zahanati: chama kinapokea wanachama wapya Jumapili ya wiki ijayo. Kila mmoja atasimama kando ya gari lake na kueleza kwa nini amelichagua.

Kueleza kwa nini! Jamani!

Nimekaa dukani nikiandika sababu. Kwanza, urithi wa taifa. Nikamsomea Fundi. Akauliza taifa lipi, gari lenyewe limetoka ng'ambo. Pili, sanaa. Akasema sanaa haivuji mafuta. Tatu, vitu adimu hupanda thamani. Akaangalia gari, akaniangalia mimi, akaenda kunywa chai.

Ukweli, naandika hapa tu: niliposhika ule usukani mkubwa mwembamba, nilihisi kama dunia imeniomba radhi. Kwa lipi, sijui. Lakini hilo huwezi kumwambia daktari wa meno.

Jumamosi, 8 Juni

Nimekufa. Anayeandika ni mzimu.

Nilikuwa bafuni. Simu iko kitandani. Ikaita. Mke wangu akapokea kwa spika. Na Fundi, mtu asiyejua kusalimia, akamwaga yote: "Mzee! Bi Mdogo leo kakohoa mara mbili, halafu kapiga kelele ya raha! Njoo umwone. Nguo zake za ndani zimechakaa zote, ulete kitambaa laini. Na ile kodi ya chumba chake usisahau!"

Nimetoka na taulo. Mke wangu amesimama, simu mkononi, uso mweupe kama chaki yake. Nikasema, "Mama watoto, ngoja nikueleze." Akasema hahitaji maelezo, amekwisha kumpigia mama yake.

Mama mkwe! Yule mama ambaye nikimsikia akikohoa, natafuta shati!

Jumapili, 9 Juni

Amefika na basi la asubuhi. Hakutaka chai. Alipokataa hata maji nilijua kikao ni kizito. Mke wangu akamwita jirani awe shahidi. Jirani yupi? Daktari wa meno! Akaja mbio, na kiti chake.

Mama mkwe akatandaza khanga mapajani, akaanza taratibu.

"Mkwe wangu, huyo mwanamke ana umri gani?"

Nikajibu kwamba amenizidi. Mke wangu akageukia ukuta.

"Anakaa wapi?"

"Gereji, mama."

"Subhana! Umemweka mtoto wa watu gereji? Anakula nini?"

"Petroli."

Daktari akaruka kitini kama aliyeng'olewa jino bila ganzi. "Ana mabawa?" akapiga kelele. "Jirani, niambie kweli! Ana mabawa madogo nyuma?"

Nikaitikia. Daktari akakaa chini, si kitini, chini kabisa, akishika kifua. Alisema ametafuta gari lile tangu amalize chuo. Kwa dakika nzima nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote duniani.

Halafu mke wangu akauliza, kwa sauti ya kusahihisha mtihani, limenunuliwa kwa fedha zipi. Nikatazama juu, jikoni, penye lile tundu la paa. Akatazama nilipotazama.

"Afadhali angekuwa mwanamke," alisema. "Mwanamke angesaidia kuosha vyombo."

Leo nimelala sebuleni. Kochi ni fupi.

Jumatatu, 10 Juni

Siku hii sitaisahau, na bado sijaielewa.

Mama mkwe aliamuru tukalione hilo balaa ndipo ahukumu. Tukaenda watatu. Nilitegemea matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa makofi. Fundi alipofungua mlango wa gereji, mama mkwe akasimama wima. Mkoba ukamdondoka. Vitu vikatawanyika, hakuviokota.

Akalizunguka gari polepole, mkono juu ya bati, kama anayempapasa mnyama mgonjwa. Akafungua mlango wa nyuma wa kushoto. Akauliza, bila kugeuka, nimelitoa wapi. Nikamtaja yule marehemu tajiri.

"Mume wangu alikuwa dereva wake," akasema.

Sikuwahi kumwona baba mkwe, alifariki kabla sijaoa. Najua tu kwamba alikuwa mpole na alimaliza maisha akiuza mkaa. Hatukuwahi kuambiwa kwa nini mkaa.

Mama mkwe akasimulia huku ameshika mlango. Masika yale mvua ilikuwa haikatiki. Uchungu ukamshika alfajiri. Barabara tope tupu, mkunga yuko ng'ambo ya mto. Mumewe hakuomba ruhusa, maana tajiri alikuwa amelala na tajiri hakuamshwa. Akachukua gari. Walipofika darajani maji yamejaa, haliendi mbele wala nyuma. Akavua koti, akalitandika kwenye kiti cha nyuma. "Akaniambia, mke wangu, humu ni pakavu. Zaa humu."

Akamnyooshea kidole mke wangu. "Na wewe ukalia kabla sijamaliza kusema bismillahi."

Asubuhi ile ile baba mkwe alifukuzwa kazi kwa sababu ya kiti kilichochafuka damu. Hakuajiriwa tena udereva mji huu, tajiri alihakikisha. "Alirudi nyumbani kwa miguu," alisema mama mkwe, "anaimba. Nikamuuliza unaimba nini, kazi imekwisha? Akasema, hiyo ni kazi tu."

Mke wangu siku zote alijua alizaliwa "njiani". Alidhani ni kando ya njia, kichakani. Akaingia nyuma, akakaa juu ya zile springi, akavuta mlango. Tukamwacha. Kwa kioo niliona mabega yanatikisika. Mke wangu! Aliyevunjika mkono akaendelea kufundisha kugawanya!

Nilishtuka hata nikamshika Fundi mkono. Fundi naye alikuwa anafuta machozi kwa kitambaa cha grisi.

Nikajua papo hapo. Hii ndiyo sababu ya kuwaambia chama! Hakuna gari lenye sababu kama hii!

Alhamisi, 13 Juni

Hotuba inakwenda vizuri. Nimeongeza radi. Nimevunja daraja. Nimemweka simba upande wa pili wa mto, kwa mbali, ili asizidishe.

Jambo la kushangaza: mke wangu siku hizi akitoka shule anapitia gereji. Mimi Fundi huniambia kesho. Yeye anaambiwa "sasa hivi, mwalimu". Ameleta koti kuukuu la baba yake, akaniomba nilishonee ndani ya kiti cha nyuma, chini ya kitambaa kipya. Nimeshona. Nikajidunga sindano. Hakunisema kuhusu bati hata mara moja. Hilo ndilo linanitisha zaidi.

Leo nilikwenda kutundika mapazia ya ukumbi wa harusi. Nikiwa juu ya ngazi nikasikia barabarani ngurumo tamu, nzito, kama mzee anayecheka usingizini. Nikageuka. Bi Mdogo! Anatembea! Usukanini mke wangu, Fundi kando, mama mkwe nyuma anapungia watu kama amechaguliwa!

Gari langu limewaka mara ya kwanza, na mimi niko juu ya ngazi na pazia la waridi kichwani.

Jumapili, 16 Juni

Uwanja wa mpira. Magari yamepangwa, yanang'aa, wenye magari wanang'aa zaidi. Bi Mdogo alipoingia watu waliacha soda zao. Mzee mmoja akavua kofia.

Daktari akauliza kwa nini tumelichagua gari hili. Nikajitokeza, karatasi mkononi, sauti ya chini kwanza, kama redio. Mvua ikaenda vizuri. Radi ikaenda vizuri. Nikafika kwa simba.

"Simba gani?" akauliza mama mkwe kutoka kiti cha nyuma.

Watu wakacheka. Nikasema alikuwa mbali. Akasema, "Mkwe, nilikuwapo mimi. Labda simba alikuwa wewe." Uwanja ukavunjika kwa kicheko. Nilitamani kuingia kwenye buti la gari na kufungiwa.

Ndipo mke wangu akashuka. Hana karatasi. Akasema, "Baba yangu alipoteza kazi ili mimi nizaliwe mahali pakavu. Sikuwahi kujua mahali penyewe ni wapi. Sasa ninapajua, na siwezi kupaacha pakaoze bandani." Akarudi kuegemea mlango.

Hakuna aliyepiga makofi. Kisha daktari wa meno, mbele ya watu wote, akasema miaka yote husema alinunua gari lake kwa ajili ya injini, na si kweli. Akapenga kamasi. Nilimtazama kama sijawahi kumwona. Huenda kweli sijawahi.

Mke wangu amepokewa mwanachama kamili. Mimi nimepewa beji iliyoandikwa "Mwenza".

Wakati wa kuondoka nilisimama kando, nisijue nafasi yangu. Akawasha, akanitazama kwenye kioo. "Baba watoto, panda." Nikapanda nyuma, juu ya lile koti, pembeni ya mama mkwe aliyekuwa anasinzia. Njiani ilinyesha kidogo. Humo ndani palikuwa pakavu.

Jikoni tulikuta sufuria tatu zimejaa maji.

Jumanne, 25 Juni

Mke wangu huenda shule na Bi Mdogo. Mimi naenda dukani kwa miguu. Watoto wa mtaani huniuliza dereva wangu yuko wapi. Nimetafakari sana, nimejifunza mengi, na leo nimekuwa mtu mpya.

Ndiyo maana nimefanya jambo kwa busara. Kule bandarini, nyuma ya ghala la chumvi, yupo baharia mstaafu mwenye gari linaloogelea. Naapa! Magurudumu manne, na nyuma pangaboi la kusukuma maji! Linapita barabarani, likifika mtoni linaendelea tu, bila hata kuuliza! Daktari wa meno akilisikia atang'oa yake mwenyewe. Tumebadilishana kwa cherehani yangu kubwa na mapazia ya nyumba nzima. Lina tundu moja tu, na liko chini.

Safari hii hakuna jina la siri, hakuna Fundi, hakuna simu. Makosa yale ni ya mtu mwingine. Nimelipeleka mbali kabisa, nyumbani kwa mama mkwe, nyuma ya zizi, maana hapo mke wangu hatawaza hata ndotoni. Mama mkwe amekula kiapo kwamba hatasema. Aliniuliza tu kama ni gumu kuliendesha. Nilicheka mpaka machozi. Mama wa watu ana miaka sabini, atakwenda nalo wapi?

Nimemwachia funguo zote mbili.