Maneno Mekundu kwenye Shingo ya Twiga

Leodgar Mugeta,
Nyasura, Bunda.

Kwa Mganga Mfawidhi wa kituo chetu cha afya.

YAH: KUFUTIWA MANENO MEKUNDU NA KUACHIWA KOPO LANGU

Ndugu Mganga,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana ni ndefu kidogo. Mimi ndiye yule aliyebambuka ngozi mwezi wa pili, mkanikimbiza Musoma nikalazwa siku kumi na tisa. Ngozi ilitoka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, mdomo vidonda vitupu, macho yamegandana. Nilipona, nashukuru. Sasa malalamiko.

1. Nesi Gloria aliandika kwa kalamu nyekundu juu ya jalada la daftari langu la hospitali: ASIPEWE DAWA YENYE SALFA MAISHA YAKE YOTE. Daftari hilo lina picha ya twiga, na maneno yamempita shingoni. Ndugu Mganga, mimi na salfa tuligombana mara moja tu. Nilikuwa na homa, nikameza vidonge viwili kutoka kwenye kopo langu mwenyewe. Hata ng'ombe akikupiga teke leo, humwandiki maisha yake yote.

2. Kopo lenyewe ni la majarini. Ndani mna vidonge vilivyobaki vya mtaa mzima. Mtu akipata nafuu siku ya pili, vinavyobaki ananiletea. Mwingine akiugua anakuja kuchukua. Tunasaidianaga hivyo mwaka wa kumi na moja huu, na waliokufa walikuwa na umri wao. Sasa Nesi Gloria anataka nilete kopo kabla ya Ijumaa liteketezwe, eti vidonge havina majina. Majina ya nini? Navijua kwa rangi. Vyeupe ni vya homa, vya njano ni vya tumbo, na vyeupe vingine ni vya mengineyo.

3. Heshima. Watu waliniitaga Dokta. Siku hizi Prudence wa duka la dawa akiniona tu anapaza sauti mbele ya wateja: "Mzee wa salfa huyooo! Leta twiga kwanza nisome!" Na jirani yangu Mama Matrida, aliyekula dawa za kopo tangu ahamie hapa, juzi amenirudishia vidonge mkononi. "Dokta, wewe mwenyewe zimekuchuna. Mimi nilivyokonda hivi nitabaki na nini?"

4. Nilinunua daftari jipya, lenye picha ya mpira, nikaandika mwenyewe kwa wino wa bluu: Huyu hana neno na dawa yoyote. Nesi Gloria hata hakulifungua. Aliangalia mabaka ya shingoni kwangu akasema, "Baba, nenda kalete lile la twiga." Yaani siku hizi mnasoma ngozi za watu bila ruhusa yao.

Kwa hiyo naomba maneno yafutwe, kopo libaki kwangu, na wewe uuandikie mtaa kwamba niliunguzwa na jua. Jambo hili ni la haraka. Mdogo wangu Enoka anakuja leo kutoka Mwitongo na homa kali. Hospitali haamini, anaamini kopo la kaka yake tu. Nitamwambia nini mtu tuliyezaliwa tumbo moja?

Wasalimie wauguzi wote, mlinzi wa getini na wale mama wa kliniki. Nesi Gloria msalimie pia, ila kidogo.

Ni mimi, mwenye ngozi mpya,
Leodgar Mugeta

Nyongeza: Enoka amefika kabla sijafunga bahasha. Nimeenda kumchotea maji, narudi nakuta amejihudumia, vyeupe viwili viko mdomoni. Vyeupe vipi, sikujua. Ndugu Mganga, sikujua kabisa. Nimemkaba, nikamtia vidole mpaka akavitema vyote. Akalia kikwetu, "Mura, kaka, unaniua!" Nimemletea twiga nikamsomea shingo yote kwa sauti, mara mbili.

Anayekukabidhi barua hii ni Enoka mwenyewe. Mpimeni, homa anayo kweli. Kopo liko kwapani kwake, liteketezeni. Na daftari la twiga nimempa alilete, maana maneno yameanza kufifia kwa jasho. Namwomba Nesi Gloria ayakoleze.